Taa za Trela ya Boti: Chumvi Huingia Penye Kiungo



Safu ya leo haina siasa wala ugomvi wa mashamba. Ni ya waya, gundi na taa za nyuma za trela ya boti. Najua wako watakaosema, huyu leo kaishiwa na la kuandika. Nisikilizeni kwanza.

Miaka minne iliyopita, mimi na ndugu zangu wawili tulinunua boti ya faiba ya futi 19, tukaiweka Mtwapa. Trela yake ilikuwa kuukuu, nikaifunga taa mpya za LED kwa mikono yangu. Nina diploma ya umeme, basi nikaiona ni kazi ya nusu saa. Nikasokota waya kwa waya, nikazungusha tepu nyeusi, nikajaribu: kulia, kushoto, breki, zote zawaka. Zikafanya kazi miezi miwili, na katika miezi hiyo trela tuliishusha majini mara nne au tano.

Kusi ilipoanza kuvuma tukaamua kuipeleka boti Takaungu kwa ami yetu, ikae huko hadi bahari itulie. Jioni ile nilizitazama taa upesi upesi. Zilikuwa zawaka. Moja ilikuwa hafifu kidogo, nikasema ni vumbi. Tukaswali Isha, tukatoka.

Tulipofika Kikambala taa zote za trela zilikuwa zimezimika, na sisi tulio ndani ya gari hatuna habari. Taa za mbele zawaka, dashibodi yawaka, nani atageuka kutazama nyuma? Taa za gari lenyewe zilifichwa na boti. Kijana wa bodaboda akaja kwa nyuma, akaingia kwenye mashine ya boti iliyochomoza nje ya trela. Akavunjika paja. Alhamdulillahi yu hai, lakini alitembea kwa magongo miezi saba, na mpaka leo hachukui abiria usiku.

Nilipokwenda kumtazama hospitali, mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani hamkuwa na taa?"

Nikamjibu tulikuwa nazo. Na ni kweli, tulikuwa nazo.

Siku ya pili niliipeleka trela kwa fundi mmoja mzee ambaye amezifunga boti waya tangu mimi niko shule. Hakuzigusa taa. Alishika kisu, akaichana ile tepu yangu, na unga wa kijani ukamwagika kiganjani mwake. Akaniambia, "Taa zako ni nzima, mwanangu. Kilichokufa ni kiungo." Niliyoyajua tangu siku hiyo, mengine kwake na mengine kwa kujikosoa mwenyewe, ndiyo ninayoyaandika hapa. Mwenye trela ayaweke, na asiye nayo ampelekee mwenye nayo.

Chumvi hufanya kazi vipi

Trela ya boti si kama trela ya kubebea mchanga. Ile ya boti hushushwa majini mpaka chombo kielee, na taa zake ziko nyuma kabisa, kwa hivyo ndizo za kwanza kuzama na za mwisho kutoka.

Waya wa gari ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizovikwa plastiki. Ukiukata na kuuacha wazi, maji hupanda ndani baina ya zile nyuzi kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kandili. Chumvi ikiingia humo haitoki kwa kukaushwa juani. Shaba hugeuka nyeusi, kisha kijani, na uchafu ule haupitishi stima vizuri. Ndiyo sababu unaweza kukata waya sentimita 30 mbali na kiungo kilichooza na bado ukakuta weusi ndani.

Pili, stima ikiwa inapita huku kiungo kimezama katika maji ya bahari, shaba huliwa kwa kasi zaidi. Kwa hivyo chomoa plagi kabla ya kuishusha trela majini, hata kama taa ni za LED. Kwa balbu za zamani sababu ni mbili: balbu hupata moto barabarani, na ikizamishwa ghafla katika maji ya baridi kioo hupasuka, au hewa iliyomo ndani ya taa hunywea na kuvuta maji.

Kununua taa

LED ina faida tatu kwa kazi hii. Haipati moto mwingi, kwa hivyo inaweza kuzibwa kabisa. Haina uzi wa ndani wa kukatika kwa mtikisiko. Na inakula stima kidogo. Balbu ya breki ni wati 21, mbili ni wati 42, yaani ampea tatu na nusu katika volti 12. Taa mbili za LED za wati 3 kila moja zinachukua nusu ampea. Katika waya wa milimita ya mraba 1 wenye urefu wa mita 8, balbu hizo hupoteza takriban nusu volti njiani kabla hata stima haijarudi. LED hazipotezi hata sehemu moja ya kumi ya volti.

Dukani usiridhike na maneno "haiingii maji". Tazama herufi IP na tarakimu mbili zilizoandikwa kwenye taa au boksi lake. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 huvumilia kurushiwa maji, haikutengenezwa kuzama. IP67 huvumilia kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. IP68 huvumilia zaidi ya hapo, kwa kiasi alichotaja mtengenezaji. Kwa trela inayoingia baharini, chini ya IP67 usinunue.

Na kwa kuwa karatasi hukubali kila kinachoandikwa, ijaribu mwenyewe. Izamishe taa ndani ya ndoo kwa nusu saa, ipanguse, iweke juani. Ukiona ukungu ndani ya kioo, irudishe.

Tazama pia volti. Magari madogo na pikapu ni volti 12, lakini malori mengi ni 24. Taa iliyoandikwa 10–30 hufaa kote kuwili. Ya 12 peke yake ukiichomeka kwenye lori la 24 utaiunguza.

Rangi nazo zina sheria yake. Nyuma ni nyekundu, indiketa ni rangi ya machungwa, na taa nyeupe ni ya kumulika nambari tu au ya kurudi nyuma. Zile za buluu za kumetameta ziacheni kwenye harusi.

Rangi za waya

Soketi ya duara yenye matundu saba ndiyo niliyoikuta kwenye magari mengi yanayovuta trela huku kwetu. Mpango wake ni huu:

- Tundu la 1, manjano: indiketa ya kushoto
- Tundu la 2, buluu: taa ya ukungu ya nyuma
- Tundu la 3, nyeupe: waya wa ardhi, unaorudisha stima
- Tundu la 4, kijani: indiketa ya kulia
- Tundu la 5, kahawia: taa ya nyuma ya kulia
- Tundu la 6, nyekundu: breki
- Tundu la 7, nyeusi: taa ya nyuma ya kushoto

Taa ya nambari huunganishwa na mojawapo ya taa za nyuma, kahawia au nyeusi.

Usiziamini rangi bila kupima, kwa sababu aliyefunga soketi ya gari huenda alitumia waya aliokuwa nao mkononi. Mtu mmoja akae ndani ya gari, awashe kimoja kimoja, na mwengine apime kila tundu kwa mita.

Trela zilizotoka Marekani huwa na waya nne tu: nyeupe ni ardhi, kahawia ni taa za nyuma, manjano ni indiketa ya kushoto pamoja na breki, na kijani ni ya kulia pamoja na breki. Gari lililotoka Japani lina waya wa breki na waya wa indiketa mbalimbali. Ukiyaunganisha hayo kwa kubahatisha, indiketa itamezwa kila ukikanyaga breki, na aliye nyuma hatajua unakata kona wapi. Kiko kisanduku cha kuchanganya ishara hizo, lakini nionavyo mimi ni bora kubadilisha taa zote mbili na kuvuta waya upya. Hapo unapungukiwa na kifaa kimoja cha kuharibika.

LED pia ina mbele na nyuma. Balbu huwaka hata ukigeuza waya, LED haiwaki. Taa mpya ikikataa kuwaka, geuza waya kwanza kabla hujamlaumu muuza duka.

Waya wa ardhi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na ndipo nilipokosea mimi. Stima ikienda lazima irudi. Fundi mvivu huifunga taa kwenye chuma cha trela na kuiacha stima irudi kupitia fremu, kisha kupitia lile tufe la chuma linalobeba shingo ya trela nyuma ya gari. Fremu ina kutu, bolti zina rangi, tufe lina grisi. Barabara ikitikisa, njia hukatika na kurudi, na taa zote huzimika kwa pamoja hata kama kila waya mwengine ni mzima. Trela yangu ilikuwa na maradhi mawili: kiungo kilichooza na ardhi iliyotegemea bolti moja yenye kutu.

Dawa yake ni waya mweupe utokao tundu la 3 mpaka kwenye kila taa, kushoto na kulia, bila kukitegemea chuma. Uwe mnene kuliko wenzake, milimita ya mraba 1.5 au 2, kwa sababu unabeba stima ya taa zote.

Dalili za ardhi mbovu zikariri: taa hufifia ukikanyaga breki, indiketa ya kushoto huiwasha ya kulia kwa mbali, au kila kitu hupepesa gari likipita tuta. Ukiona moja katika hizo, usisafiri.

Kiungo kisichoingiza maji

Kanuni ya kwanza ni kupunguza idadi ya viungo, maana kiungo ambacho hakipo hakiozi. Tafuta taa zilizokuja na waya mrefu uliozibwa kiwandani, ili viungo vyote viwe shingoni mwa trela, karibu na gari, mahali ambapo bahari haifiki.

Kanuni ya pili ni waya wenyewe. Ukipata waya wa shaba uliopakwa bati, ule unaotumika ndani ya vyombo vya baharini, nunua huo. Nyuzi zake ni nyeupe kama fedha, na huvumilia chumvi kuliko shaba tupu.

Kanuni ya tatu ni namna ya kuunga. Kata waya mpaka uone nyuzi safi. Kabla ya yote pitisha mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, uusogeze mbali kidogo. Mafundi wengi hukumbuka mpira baada ya kuunga, na hapo ndipo tepu nyeusi hutolewa. Vua plastiki kiasi cha kuingia katika kibano cha shaba, ubane kwa koleo lake, si kwa meno wala nyundo. Vuta kwa nguvu. Kikitoka, hakikuwa kimeshika. Kisha rudisha mpira, uvuke kibano kwa sentimita moja au zaidi kila upande, upashe moto polepole mpaka uone gundi inachungulia pembeni. Gundi ile ndiyo inayozuia maji. Mpira usio na gundi ni nguo tu.

Kulehemu si vibaya, lakini waya uliolehemiwa huwa mgumu na hukatika pale ugumu unapoishia, hasa trela ikitikisika. Ukilehemu, funga waya pande zote mbili za kiungo usicheze. Vile vibano vya plastiki vinavyotoboa waya bila kuuvua vikimbie kabisa: kila tundu lile ni mlango wa chumvi.

Tepu nyeusi peke yake si kinga. Jua hulainisha gundi yake, nayo hufunguka na kuyaweka maji ndani badala ya kuyazuia. Na silikoni inayonuka siki usiitie juu ya shaba, kwa sababu ile harufu ni asidi, na asidi huila shaba. Kama lazima utumie silikoni, tafuta isiyonuka hivyo.

Viungo vya waya vinavyokwenda pamoja visikae mahali pamoja. Kimoja kiwe hapa, cha pili sentimita tano mbele, ili plastiki ikichubuka visigusane.

Kupitisha waya

Pitisha waya ndani ya fremu kama ina uwazi, au ndani ya mpira wa bomba uliofungwa chini yake. Popote waya unapopita kwenye tundu la chuma, tia kizibo cha mpira, ama makali ya chuma yatakata plastiki kidogo kidogo. Funga kila sentimita 30 hadi 45 usining'inie. Karibu na kila taa acha waya ushuke kisha upande, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Shingoni acha urefu wa kutosha gari likate kona bila kuuvuta, lakini usiburure lami.

Tia fyuzi ndogo upande wa gari, ya ampea 5 kwa taa za LED. Bila hiyo, waya wa trela ukigusana na chuma unaweza kuunguza fyuzi ya gari, na hapo gari na trela vyote viwili vitakuwa gizani.

Plagi ndiyo sehemu isiyoweza kuzibwa moja kwa moja. Ipake grisi ya silikoni kidogo, uifunike isipotumika, na usiiache ikilala mchangani.

Njia rahisi: ubao wa taa

Kwa wengi wetu tunaoivuta boti mara chache kwa mwaka, kusi inapoanza na inapokwisha, iko njia nafuu kuliko zote. Chukua ubao wenye upana wa trela. Funga juu yake taa mbili, nambari ya trela na viakisi vyekundu, utoe waya mmoja mrefu mpaka kwenye soketi ya gari. Ufunge nyuma ya boti, kwenye mashine, ukifika diko uufungue na uuweke garini. Taa hazikugusa bahari, basi chumvi itaingilia wapi?

Faida yake ya pili ndiyo inayonigusa mimi. Ubao hukaa mwisho kabisa wa mzigo, nyuma ya mashine na rafadha. Taa za trela hukaa mwisho wa trela, na mashine inaweza kutokeza nje kwa hatua nzima. Kijana yule hakugonga trela, aligonga kile kilichochomoza nyuma yake. Ufunge kwa kamba mbili, si moja.

Kabla na baada ya safari

Kabla ya kutoka, mtu akae kwenye usukani na mwengine asimame nyuma hatua ishirini. Taa za nyuma, kushoto, kulia, breki, kisha breki pamoja na indiketa. Mtikise waya kwa mkono huku taa zawaka. Taa moja ikiwa hafifu kuliko mwenzake, hiyo si vumbi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kama safari ni ndefu, simama njiani utazame tena.

Bandika viakisi hata kama taa zako ni mpya. Kiakisi hakitaki waya wala fyuzi, na siku stima itakapokuangusha ndicho kitakachobaki kusema na aliye nyuma.

Ukitoka baharini, suuza trela, taa na waya kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kabla ya kuiweka kwa msimu mzima, pima kwa mita baina ya ardhi ya kila taa na tundu la 3. Kipimo kikae karibu na sufuri. Kikipanda, tafuta kiungo kinachoanza kuoza.

La mwisho

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kilicho barabarani usiku kiwe na taa, na polisi atakukamata kwa kukosa. Lakini sikuandika haya kwa sababu ya polisi. Dini yetu imetufundisha kuondoa udhia njiani, na mimi niliuburura udhia wa futi 19 kutoka Mtwapa hadi Kikambala nikijiona fundi.

Mwenye kuvuta trela haoni taa zake za nyuma. Anayeziona, au asiyeziona, ni mtu mwengine, na ndiye anayelipa. Yule kijana nilimlipia hospitali na pikipiki, na mama yake hunipokea vizuri nikipita kwao. Trela ile sasa ina ubao wa taa na waya mpya, viungo vyake ni vinne tu, vyote shingoni. Kila tukitaka kutoka, ndugu zangu hunicheka kwa kusimama nyuma muda mrefu. Na wacheke.